Petroli ya boti yalipia barabara gani?

Nahodha wa Mokowe:
Salamu wana Amu (Lamu, Kenya) na wenzetu wa Malindi. Mimi navukisha abiria Mokowe–Amu, mashini ni ya petroli. Juzi tumekaa jetini twangoja abiria, mmoja akasema kila lita ina shilingi 25 za kutengeneza barabara, nikapiga hesabu pale pale, mtungi wa lita 20 ni mia tano zishaenda kwa lami na hata kamba sijavuta. Sasa boti yapita barabara gani jamani?? Na hii kodi ya kaboni, yaani ya moshi wa mafuta, wanayoitaja redioni ndio hii hii ama yaja nyingine juu yake?

Binti Shela:
25 ni kweli, ilikuwa 18 mpaka Julai 2024. Na hiyo ni moja tu kaka, kuna ushuru wa bidhaa karibu shilingi 22 kwa lita, alafu VAT ya mafuta ilitoka 8% ikawa 16% Julai 2023. Kodi yenye jina la kaboni hapa kwetu bado, Afrika Kusini wanayo tangu 2019 na Sweden tangu 1991. Lakini kwa mfuko wako ni yale yale, ukichoma mafuta walipa.

Kijana wa Malindi:
Afadhali nyinyi. Mafuta ya taa yaliongezwa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018 ati watu wachanganya na dizeli. Mamangu na stovu lake la tambi achanganye dizeli ya lori gani 😂

Mzee Kitau:
Wanangu, kodi si tatizo, tatizo yaenda wapi. Uswisi watoza kaboni kwenye mafuta ya kupashia nyumba joto, alafu kama thuluthi mbili zawarudia watu na makampuni, mwananchi apunguziwa kwenye bili ya bima ya afya. Hizo zako 25 kisheria ni za barabara, bahari haimo. Wenye punda ndio wajanja hapa Amu.

Nahodha wa Mokowe:
Shukran mzee. Mimi hata sitaki warudishe mfukoni, watutengenezee ngazi za jeti tu. Maji yakipwa zile za chini zina mwani mtupu, jana nimembeba bibi mgongoni na gunia lake la mchele likabaki botini mpaka maji yakajaa.

Binti Shela:
Na taa pia, usiku hapaonekani kitu.