Schindler's List: nimelia lakini kuna kitu kinanikwaza

lanet_nakuru
Habari zenu jameni. Jana usiku tumeimaliza hii filamu ya Spielberg na shemeji yangu, masaa matatu na zaidi, stima ikapotea katikati tukangoja hadi irudi. Nimelia, sikatai. Lakini Wayahudi milioni 6 waliuawa, mbona anayebebwa juu ni Mjerumani mmoja, Schindler, mwenye kiwanda aliyeokoa baadhi yao, tena memba wa chama cha Nazi? Wao wengi tunawaona tu wakipanga laini na kupigwa risasi. Nyinyi mnaionaje?

fundi_kondele
Dada mi nachomelea milango hapa Kondele, so ile sehemu ya bawaba imenikaa kichwani. Yule mzee mfungwa anaambiwa na Göth, mkuu wa kambi, tengeneza moja nione, mikono inatembea, bawaba inatoka hata dakika haijaisha, halafu anaulizwa kama uko mwepesi hivyo mbona toka asubuhi umefanya chache, anatolewa nje anapigishwa magoti, bastola inakataa, inajaribiwa tena inakataa, inaletwa ingine nayo inakataa. Hapo ndo nilielewa kambi ya Płaszów, kazi safi haikuokoi, ni vile mkubwa ameamka. Huyo mzee nimemwona vizuri kabisa, hapo sikubaliani na wewe.

mwalimu_wa_historia
Niliionyesha kidato cha nne. Stern, mhasibu wa Schindler, akipiga taipu majina ya wale watakaookolewa, moja baada ya lingine, darasa lilinyamaza kabisa. Shida yangu ni bafu ya Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Wanawake wamenyolewa, wamefungiwa ndani, taa zinazima, unabana pumzi, kumbe ni maji. Wanafunzi wakashusha pumzi, wengine wakapiga makofi, ikabidi nisimamishe niwaambie hapo Auschwitz walikufa watu kama milioni 1.1 na wengi wao waliingia chumba cha gesi siku ileile waliyoshuka kwa treni. Spielberg hakufaa kutushika roho na kitu kama hicho.

nyarkisumo
Na bibi yake Schindler, Emilie, mbona kapewa dakika chache hivyo? Yeye ndo aliuguza wale wanaume Wayahudi waliofika kiwandani kwa mabehewa wakiwa wameganda na baridi, Januari 1945. Hiyo haimo kabisa.

lanet_nakuru
Asanteni. Fundi, kwa huyo mzee nimekubali. Mwalimu, umenifanya nijue kinachonikwaza hasa, ni pale mwisho Schindler anaanguka akilia ati gari hili lingekomboa watu 10. Wale wamemzunguka wamepoteza mama, baba, watoto, na bado wao ndo wanambembeleza.