Nikigeuza kipande kwenye CNC (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta), kuta za pande mbili hazikutani

fundi_mdogo
Wakuu naombeni msaada, hii kitu imenitesa wiki nzima. Nina kipande cha alumini nimekikata kwa msumeno, milimita 100 kwa 60, unene 25, nachonga umbo la 96 kwa 56. Opereshini ya kwanza nashuka milimita 14, nafungua vaisi (jiliwa linaloshika kipande), nakigeuza cha juu kiwe chini, kushoto inaenda kulia, alafu opereshini ya pili namalizia kilichobaki. Sasa pale kuta zinapokutana kuna kidaraja, ukipitisha ukucha unakwama, nimepima ni 0.4. Kinachonishangaza kipo kushoto na kulia tu, mbele na nyuma laini kabisa. Ziro, yaani pale mashine inapoanzia kuhesabu, naiweka katikati ya kipande: X (kushoto-kulia) nagusa ukingo wa kushoto nasogea 50, Y (mbele-nyuma) nagusa wa nyuma nasogea 30. Programu nimeikagua mara tatu sioni kosa.

nyuzi_tisini
Pole mkuu, programu iache, haina kosa. Hapo uliposema kushoto na kulia tu ndo umejijibu. Umekizungusha kwa mhimili wa Y, ubavu wa nyuma umebaki nyuma ila wa kushoto umehamia kulia. Kama katikati yako ya X ilikuwa imehama 0.2, ukigeuza kipande ile 0.2 inageuka nacho inaelekea upande wa pili, na wewe ukigusa kushoto tena unaongeza 0.2 nyingine, ndo hiyo 0.4. Hebu pima urefu halisi wa ghafi (kipande kabla hakijachongwa), msumeno haukupi 100 kamili hata siku moja. Na Y usiiamini, kosa linaweza kuwepo ila halionekani kwa vile halijageuzwa, siku ukigeuza mbele iende nyuma utaliona. Gusa kushoto, gusa kulia, gawa kwa mbili, hapo hata kama kipenyo cha ncha ya kugusia umekiingiza vibaya haidhuru.

karakana_usiku
Nakubaliana na mkuu hapo juu ila mimi ghafi naigusia mara moja tu, ya kwanza, basi. Ukingo wa msumeno hauko wima, ukigusa juu namba yake na ukigusa chini namba nyingine. Tatizo ukishageuza, ukuta uliouchonga uko chini na ghafi imeufunika kama paa, huwezi kuufikia kutoka juu. Kama mchoro unaruhusu, kwenye opereshini ya kwanza chonga tundu la katikati litokee upande wa pili, ulimalizie kwa endimili (kisu kinachochonga kwa ubavu) ikizunguka sio drili peke yake maana drili inahama. Ukishageuza funga geji ya mshale (kipimo cha tofauti ndogo) kwenye spindo (sehemu inayoshika na kuzungusha kisu), izungushe kwa mkono ndani ya tundu huku unasogeza X na Y mpaka mshale usicheze. Hapo una ziro ya kweli. Kama tundu haliruhusiwi funga kizuizi pembeni ya vaisi, kiwe chini ili kiguse ukuta uliochongwa na sio ghafi, alafu katikati ni 48 kutoka hapo.

fundi_mdogo
Nimetoka kupima sasa hivi, ghafi ni 100.4!!! Yaani nusu yake 50.2 na mimi naandika 50 siku zote. Asanteni sana wakuu. Tundu la katikati lipo kwenye mchoro, kesho najaribu. Na Z (juu-chini) je? Unene nao unanipa 0.1 zaidi upande mmoja.

tupa_na_msasa
Hiyo ni chenga ya alumini imekaa chini ya kipande mkuu. Kabla ya kugeuza pitisha tupa kingoni kutoa vile vimakali, puliza taya, futa paralelo (vile vyuma viwili ambavyo kipande kinakalia ndani ya vaisi) na chini ya kipande kwa kidole kabisa sio kitambaa tu, kidole kinahisi chenga ambayo jicho halioni. Alafu ukikaza vaisi taya inayotembea inakinyanyua kipande kidogo, kwa hiyo gonga na nyundo ya plastiki mpaka paralelo zote mbili zikatae kusogea ukizisukuma. Ikisogea moja usianze kukata, fungua urudie. Na ziro ya Z ya opereshini ya pili chukua juu ya paralelo, usichukue juu ya ghafi.

fundi_mdogo
Paralelo ya nyuma ilikuwa inasogea kila siku, nikajua ni kawaida.