Je, tuuze kiwanja cha marehemu baba ili mdogo wetu akasomee uimbaji wa opera, yaani tamthilia inayoimbwa?

Kaka Mkubwa, Arusha:
Ndugu wanajamvi, naomba ushauri wenu. Mdogo wangu wa kike ana miaka 21, anaimba soprano (sauti ya juu ya kike) katika kwaya ya usharika wetu wa KKKT, anasoma nota vizuri, na anatamani kusomea uimbaji wa kiklasiki Ujerumani. Baba alituachia kiwanja kimoja tu. Baadhi ya ndugu wanataka kiuzwe kilipe masomo, wengine wanasema fani hiyo ni ya watoto wa matajiri, hivyo aachane nayo. Tufanyeje?

Soprano wa Ughaibuni:
Kaka, nimesomea fani hii hukohuko. Ada siyo mzigo mkubwa, kwani vyuo vingi vya muziki vya serikali havitozi ada, ingawa vipo vinavyotoza, kwa mfano katika jimbo la Baden-Württemberg, ambako anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya hulipa euro 1,500 kwa muhula. Viza ndiyo nzito: tangu Septemba 2024 mwanafunzi huonyesha euro 11,904 za kujikimu kwa mwaka.

Hata hivyo, mali ya familia huamua zaidi baada ya cheti. Sauti hukomaa polepole, na zile nzito husubiri hadi mwimbaji avuke umri wa miaka thelathini kabla ya kubeba nafasi kubwa za uigizaji jukwaani. Wakati wote huo mwimbaji husafiri kwenye usaili kwa nauli yake, hulipia malazi, na huendelea kumlipa mwalimu wa sauti. Wenzangu waliolipiwa kodi ya nyumba na wazazi walipumzika wiki nzima kabla ya usaili, ilhali mimi niliingia mbele ya majaji nikitoka zamu ya usiku ya kusafisha ofisi, na sauti iliyochoka haifichiki kwenye nota za juu. Mkiuza kiwanja leo, fedha zitakwisha kabla miaka hiyo haijafika.

Mwalimu wa Kwaya:
Nakubaliana nawe, ila sikubali kwamba asiye na mali aachane nayo. Marian Anderson wa Philadelphia alifiwa na baba akiwa bado mtoto, na waumini wa kanisa lake ndio waliochanga fedha za kumlipia mwalimu wa sauti. Mwaka 1955 akawa mwimbaji mweusi wa kwanza kuigiza katika Metropolitan Opera, jumba maarufu la opera la New York. Usharika wenu unajua kuchanga kwa ajili ya harusi na misiba, basi uombwe na hili. Fikirieni pia Chuo Kikuu cha Cape Town, alikosomea Pretty Yende, soprano wa Afrika Kusini.

Kaka Mkubwa, Arusha:
Nawashukuru sana. Nitawaomba ndugu tukipangishe kiwanja badala ya kukiuza, naye aanze Kijerumani Goethe-Institut Dar es Salaam. Soprano, walimu wa huko hukubali kumsikiliza mtu kwa rekodi kabla hajakata tiketi?

Soprano wa Ughaibuni:
Vyuo kadhaa hupokea rekodi kwa mchujo wa kwanza. Arekodi na mpiga piano halisi, ndani ya kanisa tupu.