Mafunzo ya sababu za kibinadamu kwa mafundi ndege: slaidi zimetosha, tufanye nini?

Hanga_Ziwa:
Wakuu, salaam. Swali kwa wanaofundisha au kusimamia mafundi wa ndege. Napanga upya mafunzo ya marudio ya sababu za kibinadamu (yaani kwa nini watu hukosea kazini) kwa karakana ndogo: ndege za Caravan kadhaa, Dash 8 chache, zamu mbili. Mpango uliopo ni siku moja ya slaidi, ile orodha ya Gordon Dupont ya visababishi kumi na viwili vya makosa, mtihani wa kuchagua jibu, saini, chai. Wote wanafaulu. Halafu ripoti za ndani zinaleta yale yale: kazi iliyoachwa katikati zamu ikibadilika, skrubu zisizo zake kwenye paneli, na mwanagenzi aliyesainiwa kazi ambayo hawezi kuieleza.

Bajeti ni finyu. Muuzaji mmoja anatusukumia miwani ya uhalisia pepe. Je, inafaa? Na kama haifai, nianze na nini?

Bolti_Nane:
Mkuu, Dupont hana kosa. Aliitunga orodha ile mwaka 1993 akiwa Transport Canada ili watu wapate lugha ya pamoja ya kuzungumzia makosa. Kuikariri hakumzuii mtu kukosea saa tisa usiku. Ifanye dakika ishirini, muda unaobaki upeleke kwenye benchi.

Zoezi la kwanza lichukue kutoka ajali ya safari ya British Airways 5390, Juni 10, 1990. Kioo cha mbele cha BAC 1-11 kilichomoka kwenye futi 17,300 na rubani akavutwa nusu mwili nje. Kilikuwa kimebadilishwa saa 27 kabla. Kati ya bolti 90, 84 zilikuwa na kipenyo kidogo kuliko kinachotakiwa, na sita zilizobaki zilikuwa na kipenyo sahihi ila fupi. Bolti sahihi ilikuwa namba A211-8D. Zilizofungwa kwa wingi ni 8C.

Mafundi wengi husikia kisa hiki wakasema "mimi ningeona". Basi waache waone. Tengeneza bamba lenye nati za kudumu za 10-32 (saizi ya unene, kisha idadi ya nyuzi kwa inchi), weka kwenye bakuli moja skrubu za 10-32 na za 8-32 zenye urefu mmoja, kisha mpe fundi moja ya zamani kama sampuli achague za kufanana nayo kwa macho. Kipenyo ni inchi 0.190 kwa 0.164, yaani tofauti ya milimita 0.66 tu. Zote zina nyuzi 32 kwa inchi, ndiyo maana ile ndogo huingia na kushika kidogo badala ya kugoma. Ukikaza kwa bisibisi yenye kikomo cha toki (nguvu ya kukaza), nyuzi zinateleza, na mtelezo huo mkononi unafanana sana na ile "tik" ya bisibisi kufikia kikomo. Hapo ndipo fundi wa usiku ule aliponaswa.

Ongeza mazingira: punguza taa, weka bamba mahali ambapo lazima ajinyooshe kulifikia. Kule jukwaa la kusimamia lilikuwa mbali kidogo, kwa hiyo fundi hakuweza kuona vizuri kwamba vichwa vya bolti vimezama kupita kiasi kwenye matundu yake. Mwisho mpe katalogi ya vipuri na mikromita, arudie. Tofauti ya matokeo ya mara ya kwanza na ya pili inatosha, huhitaji hotuba.

Na usisahau kuwapeleka stoo. Kule msimamizi wa stoo alitaja namba sahihi, lakini bolti zikachukuliwa kwenye droo za kujihudumia, sehemu yenye mwanga hafifu, kwa kulinganisha. Droo zenu zikoje? Zina lebo? Nani anazikagua? Kama hujui, mafunzo yaanzie hapo kabla ya darasani.

ZamuYaPili:
Naunga mkono, ila kwa ripoti ulizozitaja mimi ningetanguliza makabidhiano ya zamu.

Kisa chake ni Continental Express 2574, Texas, Septemba 11, 1991, ndege ya Embraer 120, watu 14 walikufa. Usiku uliotangulia walikuwa wanabadilisha mipira ya kuondolea barafu kwenye mkia. Skrubu za juu zilifunguliwa upande wa kulia na wa kushoto. Zamu iliyofuata ikamaliza kulia. Kushoto hakuna karatasi iliyosema kuwa kumeguswa, na skrubu 47 hazikurudishwa. Kutoka chini huwezi kuziona, ule mkia uko juu.

Zoezi: timu A ipewe kadi ya kazi ya paneli moja. Katikati mwambie msaidizi afungue na paneli ya jirani "kuokoa muda", bila kuandikwa kwenye kadi. Baada ya dakika ishirini piga kengele, timu A itoke na kuacha maandishi tu. Timu B imalize na isaini. Kisha rudia, safari hii wakutane ana kwa ana mbele ya ndege, karatasi mkononi, kila kilichofunguliwa kinaguswa kwa kidole. Mara zote nakala ya maandishi ibandikwe ukutani. Utakuta "inaendelea" na "imebaki kidogo", maneno ambayo hayamsaidii mtu yeyote. Fundisha kuandika hivi: nini kimefunguliwa, skrubu ziko kwenye mfuko gani, hatua ya mwisho iliyokamilika ni namba ngapi, kipi hakijaanza.

Kanuni ndogo ya kukatizwa kazi iwe sheria ya hanga: ukirudi kutoka kwenye simu, anza hatua tatu nyuma. Na anayefungua kitu chochote afungue na mstari kwenye kadi muda ule ule, hata kama ni "kwa dakika mbili".

Mkaguzi_K:
Hoja ya mwanagenzi imepitwa haraka, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote.

Air Midwest 5481, Beech 1900D, ilianguka Charlotte Januari 8, 2003, watu 21 wakafa. Usiku wa Januari 6 kuamkia 7, kebo za eleveta (kibawa cha mkiani cha kuinua na kushusha pua) zilikuwa zimerekebishwa na fundi aliyekuwa anaifanya kazi hiyo kwa mara ya kwanza kwenye aina ile ya ndege, chini ya mafunzo kazini. Hatua kadhaa za mwongozo zilirukwa kwa kudhani zinahusu urekebishaji mzima na si mkazo wa kebo tu. Eleveta ikabaki na takriban nusu ya mwendo wake wa kushuka. Siku ya ajali ndege pia ilikuwa nzito upande wa nyuma, kwa hiyo marubani hawakuwa na eleveta ya kutosha kuishusha pua.

Aliyekuwa anamfundisha ndiye pia aliyekagua kazi. Mwalimu aliyekubali hatua zirukwe hawezi kuwa jicho jipya la kuona kuwa zimerukwa. Kwa mifumo ya kuongozea ndege, mtu wa pili asiwe ameshiriki hata kushauri, na asikague karatasi: asukume usukani kutoka kikomo hadi kikomo, mwenzake nje apime nyuzi za pembe, namba ziandikwe.

Kitabu cha mafunzo kazini kiwe na safu nne kwa kila kazi: ameona, amesaidia, amefanya akisimamiwa, amefanya na kueleza. Ile ya nne isisainiwe mpaka ajibu maswali matatu bila mwongozo: kitu hiki kinafanya nini, kikikosewa rubani ataona nini, na utajuaje kimekaa sawa. Asiyejibu hajafeli, anarudi safu ya tatu. Hii haigharimu kitu isipokuwa muda wa fundi mkuu, na wakubwa huukwepa kwa sababu hiyo hiyo.

Pepe_na_Spana:
Kuhusu miwani: usinunue kwanza. Uhalisia pepe unafaa kwa mpangilio wa hatua na kwa vitu vya hatari au adimu: kuwasha injini, moto kwenye injini, kutafuta hitilafu kwenye ndege isiyo hangani. Haukupi hisia ya mkono. Hakuna miwani itakayokufundisha kufunga waya wa usalama (unaozuia bolti kulegea) wa inchi 0.032 kwa misokoto 6 hadi 8 kwa inchi, ukivuta upande wa kukaza. Hilo linahitaji waya, koleo na bolti zenye tundu.

Kwa Caravan na Dash 8 kompyuta ya kawaida yenye michoro inayosogea inatosha kwa mifumo ya umeme na hewa. Vipande vya ndege vilivyotolewa kazini ni bora zaidi, ila vipakwe rangi nyekundu na kuandikwa "MAFUNZO TU" kwa wino usiofutika, na vikae mbali na stoo. Kipuri cha darasani kikirudi rafuni ni ajali inayosubiri tarehe.

Hanga_Ziwa:
Asanteni sana. Nitaanza na bamba la skrubu na makabidhiano. Swali la mwisho: nitapimaje? Mkaguzi wa mamlaka ya usafiri wa anga atataka kuona alama.

Mkaguzi_K:
Alama baki nazo kwenye faili. Kanuni za Ulaya za karakana za ndege, Part-145, zinataka marudio ndani ya kila miaka miwili, na wakaguzi wengi wanaanza kwa kuangalia tarehe. Ila pima na haya: kadi kumi za makabidhiano kila mwezi, uhesabu ngapi zina namba ya hatua ya mwisho, zana ngapi zimekosekana kwenye ubao wa vivuli (uliochorwa umbo la kila zana) zamu ikifunga, ripoti ngapi za "nusura" zimeletwa na wahusika wenyewe. Hiyo ya tatu itapanda mwanzoni, mweleze bosi mapema asije akadhani mafunzo yameharibu watu.

Ripoti zichambuliwe kwa fomu ya MEDA ya Boeing, ya kuchunguza makosa ya matengenezo. Inauliza kuhusu mwanga, muda, mwongozo, zana na makabidhiano. Matokeo ya miezi sita ndiyo mada ya mafunzo yanayofuata, na kama mwanga ndio unajitokeza kila mara, nunua taa.