Je, mwanagenzi mwenye ulemavu analindwa na Mfuko wa Fidia akiumia kazini?

MamaWawili, Morogoro

Habari zenu ndugu. Mwanangu ana miaka 22 na ni kiziwi. Alimaliza chuo cha ufundi stadi, na sasa yuko kwenye mafunzo ya uanagenzi katika karakana ya samani, siku tano kwa wiki. Analipwa posho ndogo kila mwezi, nayo huandikwa daftarini. Mwezi uliopita kijana mwenzake alikatwa vidole viwili na msumeno wa umeme, na mwenye karakana akaiambia familia yake kwamba yule ni mwanafunzi, si mfanyakazi, kwa hiyo hahusiki na fidia yoyote. Tangu siku hiyo sijatulia, kwa sababu mwanangu hawezi kusikia mashine ikibadilika mlio wala mtu akimwita kwa nyuma. Naomba kujua kama jibu lile ni la kisheria, na nifanye nini kabla hayajatokea mengine.

AfisaUtumishiMstaafu

Pole sana mama, na pole kwa familia ya kijana huyo. Jibu walilopewa si sahihi, na ninalisema hili nikiwa nimeshughulikia masuala ya waajiriwa kwa miaka mingi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, inayotumika Tanzania Bara, haimtazami mfanyakazi kama mtu mwenye barua ya ajira ya kudumu peke yake. Inamjumuisha pia anayefanya kazi chini ya mkataba wa uanagenzi au wa kujifunza kazi, uwe umeandikwa au umekubaliwa kwa mdomo, na malipo yawe fedha taslimu au kitu kingine. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) hulipwa na mwajiri peke yake, na kwa sekta binafsi umekuwa asilimia 0.5 ya mishahara tangu mwaka 2022, kwa hiyo si mzigo wa kumfanya mwenye karakana amfiche mwanagenzi wake. Familia hiyo isikate tamaa: wawasilishe madai mapema, kwa kuwa sheria imeweka ukomo wa miezi 12, na watunze karatasi zote za hospitali pamoja na majina ya walioshuhudia.

FundiWaTanga

Naomba kuongeza jambo ambalo wengi hulipita haraka. Mimi natembea kwa mguu wa bandia tangu utotoni, na nilijifunza uchomeleaji kwa njia hiyo hiyo ya uanagenzi. Nilipoumia mkono, ubishi haukuwa kama nilikuwa kazini; ubishi ulikuwa kama udhaifu wa mkono ulitokana na ajali au nilikuwa nao tangu zamani, na kwa kuwa sikuwa na kumbukumbu yoyote ya afya yangu kabla ya kuanza, nilihangaika karibu mwaka mzima. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka mtu achunguzwe afya kabla ya kuanza kazi. Mama, dai uchunguzi huo ufanyike hata sasa, na kiwango cha usikivu wa kijana kiandikwe, ili kesho asije mtu akasema kila jeraha ni la kuzaliwa nalo.

MamaWawili, Morogoro

Asanteni sana, mmenifungua macho. Je, bima ya afya aliyokuwa nayo chuoni haitoshi? Na vipi kuhusu NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii?

AfisaUtumishiMstaafu

Haitoshi, mama. Bima ya afya hulipia matibabu, lakini haimlipi mtu kwa miezi anayokaa nyumbani bila kipato, wala kwa kidole kisichorudi. WCF hulipia matibabu, na pia hulipa fidia ya kutoweza kufanya kazi kwa muda, ambayo ni asilimia 70 ya kipato cha mwezi, fidia ya ulemavu wa kudumu, na huduma za utengamao ili mtu arudi kazini. Kwa kuwa fidia hupimwa kwa kipato, hakikisha posho imeandikwa kwenye mkataba na inasainiwa kila anapolipwa, maana posho ya mkononi isiyo na maandishi ndiyo inayowaumiza wanagenzi wengi. NSSF ni jambo jingine, la uzee na pensheni. Ikiwa mwenye karakana hamkatii mchango wa NSSF, kijana anaweza kujiandikisha mwenyewe kama mwanachama wa hiari.

Nieleze pia palipo pagumu. Mwanafunzi aliyepelekwa na chuo kwa mafunzo ya vitendo ya wiki chache, bila posho na bila makubaliano yoyote na mwenye kazi, hoja yake huwa dhaifu zaidi, na kwa maoni yangu hili ni pengo ambalo vyuo vinapaswa kuliziba kwa mkataba wa pande tatu. Mwanao hayuko huko, kwa sababu ana posho na ana siku za kazi.

FundiWaTanga

Kuhusu mashine, omba zifungwe taa za tahadhari badala ya king'ora pekee, na fundi mkuu ajifunze ishara chache za lugha ya alama: simama, zima, hatari. Uende na ombi hilo kwa maandishi, nakala moja ubaki nayo.

MamaWawili, Morogoro

Nitakwenda Jumatatu pamoja na baba yake. Na namba za familia ya yule kijana ninazo. Nitawapelekea maelezo haya leo jioni.