Kukagua faili za Ansible kabla ya kuziendesha: yamllint, ansible-lint au --check?

MtunzaSeva
Habari za kazi, ndugu. Ninasimamia seva kadhaa kwa Ansible (programu inayotekeleza kwenye seva kazi zilizoandikwa ndani ya faili), na kabla ya kila kazi huendesha `ansible-playbook --syntax-check`, inayokagua uandishi wa faili bila kuziendesha. Juzi amri hiyo haikulalamika hata kidogo, lakini kazi ilipoanza ilikwama katikati kwa sababu ya mstari uliosogea nafasi moja kuliko wenzake, huku huduma ikiwa imekwisha kuzimwa na hatua ya kuiwasha haijafikiwa. Naomba tulinganishe: je, nihamie yamllint (kikaguzi cha YAML, muundo wa maandishi ambao faili za Ansible huandikwa kwao), ansible-lint (kikaguzi cha faili za Ansible zenyewe), au nitegemee `--check` (kuijaribu kazi bila kubadilisha kitu)?

Mpimaji
Pole sana. Nakisia kosa lilikuwa ndani ya faili inayoitwa kwa `include_tasks`. Faili za namna hiyo hazisomwi mpaka kazi izifikie, kwa hiyo `--syntax-check` huzipita bila kuzifungua, ilhali zile zinazoingizwa kwa `import_tasks` husomwa mapema pamoja na faili kuu. yamllint haijali faili ipi inaiita ipi. Hufungua kila unayoielekeza, na ingelikamata kosa lako kabla hujagusa seva yoyote. Hukamata pia ufunguo (jina la kipengele ndani ya faili) ulioandikwa mara mbili, jambo ambalo Ansible yenyewe, kwa mpangilio wake wa kawaida, hulitolea onyo tu kisha ikachukua thamani ya mwisho. Ubaya wake ni kelele: hulalamikia kila mstari unaozidi herufi 80, kikomo ambacho mimi nilikiongeza siku ya kwanza.

Fundi_wa_Zamu
Nakubali, ila yamllint inaijua YAML tu, haiijui Ansible. Chukua ruhusa za faili. Ukiandika `mode: 644` bila sifuri ya mbele wala alama za nukuu, YAML iko sahihi kabisa, lakini Ansible hupokea 644 ya msingi wa kumi, ambayo kwa msingi wa nane ni 1204, matokeo yake mwenye faili anaweza kuiandika lakini hawezi kuisoma, na watu baki ndio wanaoisoma! ansible-lint hulitambua kosa hilo na kukutaka uandike `'0644'`. Tena ndani yake umo ukaguzi wa yamllint na ule wa sintaksia, kwa hiyo kwa anayeandika faili za Ansible pekee sioni haja ya kuziendesha zote mbili kando kando.

Chipukizi
Samahani wakubwa zangu, kwa nini tusitumie `--check --diff` moja kwa moja, maadamu yenyewe huunganika na seva na kuonyesha kitakachobadilika?

Mpimaji
Itumie, lakini usiiache peke yake. Moduli (vitendea kazi vya Ansible) za `command` na `shell`, zinazoendesha amri kwenye seva, kwa kawaida hurukwa katika hali hiyo, na hatua inayofuata ikitegemea jibu la amri iliyorukwa, huanguka kwa kosa ambalo katika kazi halisi lisingekuwapo. Amri ya kusoma tu unaweza kuipa `check_mode: false` ili iendeshwe hata wakati wa jaribio, usithubutu kufanya hivyo kwa amri inayobadilisha kitu.

Fundi_wa_Zamu
Niongeze moja: kwa faili nyeti kama sudoers (inayoamua nani apewe mamlaka ya msimamizi), weka `validate: visudo -cf %s` kwenye moduli ya `template`, inayoandika faili kwenye seva. Faili mpya ikiwa na kosa la sintaksia, ile ya zamani hubaki mahali pake.

MtunzaSeva
Naam, ilikuwa `include_tasks`. Nimeweka ansible-lint iendeshwe kabla ya kila badiliko kuingizwa kwenye Git (hifadhi ya matoleo ya faili), kisha `--check --diff` kwa seva moja kupitia `--limit` kabla ya kazi yenyewe. Ukaguzi wa kwanza umenionyesha ruhusa nne zisizo na nukuu, mojawapo ikiwa ya ufunguo wa siri, na hiyo ndiyo ninayoanza nayo.