Michezo ya ndani yenye kona ya sanaa: mlezi mmoja, watoto wawili

MamaWawili_Tegeta
Wadau, habari za leo. Jumamosi nataka kuwapeleka wanangu, mmoja miaka 4 na mwingine mwaka 1 na miezi 8, kwenye ukumbi wa michezo ya ndani hapa Dar. Kuna bwawa la mipira, mtelezo, trampolini na kona ya sanaa: rangi, gundi, udongo wa kuchezea. Kiingilio ni kwa saa, na nitakuwa peke yangu. Nianze na nini? Nibebe nini? Halafu huyu mkubwa hataki kabisa kitu cha kunata mikononi.

MwalimuWaChekechea
Ratiba ifuate usingizi wa mdogo. Umri huo wengi hulala mara moja mchana, kwa hiyo fikeni wanapofungua. Jumamosi alasiri ndipo bethdei zinapoanza, na kelele zake. Pale getini uliza saa inahesabiwa tangu kulipa au tangu kuingia, na kama mlezi naye analipa. Soksi za kawaida huteleza kwenye sakafu zile. Beba zenye vidoti vya mpira chini, na wewe uvae.

Anzeni na sanaa. Rangi nzito ya maji hukauka kwa dakika 20 hadi 30, gundi nyeupe hukawia zaidi. Mkimaliza kucheza, kazi zimekauka mnabeba. Mkiacha sanaa iwe ya mwisho, rangi mtaimalizia kwenye viti vya bajaji.

Uliza rangi ni ya maji au akriliki. Akriliki ikikauka kwenye nguo ndiyo basi tena. Ya maji isuuze kwa maji baridi kwanza, sabuni baadaye. Eproni za kule nyingi hufunika kifua tu. Shati kuukuu la baba, likivaliwa nyuma mbele na mikono ikakunjwa, linazidi eproni yoyote.

Kwa anayechukia kunata, usimshike mkono ukamchovya. Bana kipande cha sponji kwa kibanio cha nguo achovye nacho, na kitambaa kibichi kiwe pembeni akione. Siku mbili tatu kabla, mpe unga mkavu wa ngano nyumbani auchezee, kisha uongeze maji kijiko kimoja kimoja hadi ushikane. Akikataa akiwa kwenye kijiko cha tatu, ishie hapo.

BabaPacha
Mwalimu, hapo kwenye sanaa kwanza nakupinga kidogo. Mtoto wa miaka 4 akishauona mtelezo hakai kwenye kiti. Mwache akimbie dakika 15, anywe maji, ndipo rangi. Ila hiyo ni kama umelipia saa 2. Kwa saa 1, fuata ya mwalimu.

Nesi_wa_Watoto
Nyongeza upande wa usalama.

Mtelezo: usiteleze umempakata mdogo. Mguu wake ukinasa pembeni, uzito wako unaendelea kushuka na mfupa wa muundi unavunjika. Ateleze mwenyewe kwenye ule mfupi, wewe simama kando.

Trampolini: mmoja kwa wakati mmoja. Mzito akitua, mwepesi hurushwa juu bila kutarajia, na yeye ndiye huumia. Madaktari wa mifupa wa Marekani hawaishauri kabisa kwa walio chini ya miaka 6.

Bwawa la mipira: ingiza mkono hadi chini kabla mtoto hajaingia. Sakafu ikinata au ikinuka mkojo, ondokeni. Mipira iliyopasuka ina kingo kali. Mtoto aliyekaa chini haonekani na anayeruka kutoka juu, kwa hiyo mdogo akae ukingoni.

Vua hirizi, cheni na shanga za shingoni na mkononi; kamba hunasa kwenye nyavu. Shanga za kwenye nywele nazo zikitoka, mdogo wa mtu atazimeza. Kitu chochote kinachopita kwenye kile kibomba cha katikati ya toilet paper si cha mtoto chini ya miaka 3. Vile vigololi vya jeli vinavyovimba kwenye maji usimsogeze kabisa: huvimba tumboni na kuziba utumbo, na kwa kawaida eksirei haivioni.

Mkitoka, mikono ioshwe kwa maji na sabuni. Sanitaiza haitoi uchafu, na baadhi ya virusi vya kuhara haiviui vizuri.

MamaWawili_Tegeta
Asanteni sana. Nitalipia saa 1. Mkubwa akiwa anaruka, mdogo nimweke wapi?

Nesi_wa_Watoto
Ukiwa peke yako, trampolini iacheni kabisa. Kaa kwenye uzio wa wadogo, upande unaouona mtelezo, na mkubwa mvalishe fulana ya rangi kali, ya machungwa au njano, umwone hata katikati ya mipira. Angalia pia kama pana mlango mmoja tu wa kutokea na nani anaulinda.

MwalimuWaChekechea
Na kwenye begi: pampasi 2, nguo za kubadili kwa wote wawili, maji, waipsi, mfuko wa nguo mbichi. Chakula uliza kwanza, kumbi nyingi hawaruhusu cha kutoka nje.